Kubandika kwa Ajili ya Kubandua

Ukitaka kuujua mkono wa fundi wa herbaria, mpe violeti ya Shume. Ni mmea mdogo, ndugu wa zile violeti za Usambara ambazo leo zimejaa madirishani Ulaya na Marekani, na mtaalamu wa mimea B. L. Burtt aliuita Saintpaulia shumensis. Huota kwenye nyufa za miamba, kivulini, huku Shume, juu katika milima ya Usambara, penye baridi na ukungu. Majani yake ni manene, yana maji mengi, na yamefunikwa vinywele vigumu vilivyosimama. Yote yanayoupendeza porini ni taabu tupu mezani. Maji hayatoki upesi, vinywele huliinua jani lisikutane na karatasi, na ua likishakauka huwa jepesi kiasi kwamba pumzi ya mtu anayezungumza karibu nalo inatosha kulipeperusha.

Herbaria ni maktaba ya mimea iliyokaushwa. Lushoto inayo, katika kituo cha TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu. Huko ndiko mtu wa Shume angeelekea akitaka kuona mkulo, mwangati na miti mingine ya milima yake ikiwa imelazwa karatasini, kila mmoja na kibandiko chake: jina, mahali, mwinuko, tarehe, aliyeuchuma. Sifa nyingi huwaendea wachumaji. Mimi nataka kuwasifu wanaobandika.

Kazi huanza na kukausha. Mmea hulazwa ndani ya gazeti, gazeti likawekwa kati ya karatasi nene za kunyonya maji, kisha mafungu hayo hubanwa kwa fremu mbili za mbao na kukazwa kwa mikanda. Kwa majani manene karatasi hubadilishwa kila siku, la sivyo kuvu hutangulia kufika kabla ya ukavu. Kwa hali ya hewa ya Shume, ambako nguo hushinda kambani na kurudi ndani mbichi, hilo si jambo la kuahirisha. Na wakati jani lingali linakunjika, fundi huamua mambo yasiyorudiwa tena: hili lionyeshe uso, lile lionyeshe mgongo, ua moja lifunguliwe, jingine liachwe zima.

Kisha gundi. Ustadi uko hapa, na unajificha, kwa maana kazi ikifanywa vizuri haionekani. Gundi hupakwa kwa brashi juu ya kioo, tabaka jembamba sana. Sampuli hushikwa kwa kibano, ikagusishwa kwenye kioo, ikainuliwa, ikashushwa kwenye karatasi ngumu isiyo na asidi. Ikishatua haisogezwi. Hufunikwa kwa karatasi isiyonata, ikawekewa vifuko vya mchanga, ikaachwa hadi kesho yake. Shina nene haliachiwi gundi peke yake: hushonwa kwa uzi, fundo likabaki mgongoni mwa karatasi, au hushikwa kwa vipande vyembamba vya kitambaa vinavyopita juu yake kama vidaraja. Mbegu na petali zilizodondoka huingia kwenye kibahasha kilichobandikwa pembeni, kwa sababu iko siku mtu atazihitaji.

Mtu huyo wa baadaye ndiye anayefanyiwa kazi yote hii. Atakuja na hadubini akitaka kuona mgongo wa jani lililolazwa kifudifudi, au atataka kipande kidogo cha kupimia vinasaba. Kwa hiyo gundi inatakiwa ishike miaka mia, na siku ikiombwa iachie bila kuondoka na ngozi ya jani. Gundi kali za dukani zingeshika zaidi, na zingemfungia mlango mtu huyo. Ndiyo maana kuna wanaochagua uji wa wanga wa ngano, au selulosi ya methili, unga mweupe wenye tabia ya ajabu: huyeyuka katika maji baridi, na ukipashwa moto huganda. Kubandua nako ni kazi ya mkono mtulivu. Kipande cha karatasi ya kunyonya, kilicholowanishwa kidogo tu, huwekwa juu ya mahali panapohusika. Gundi huvimba, hulainika, na kisu bapa hupita chini yake taratibu. Maji yakizidi, jani hujikunja na wino hutambaa. Yakipungua, jani hupasuka.

Nimezifuatilia kwa hamu habari za gundi zinazoachia kwa mwanga, kwa kuwa zinatoka kwenye wazo hilohilo. Mwaka 2016 kikundi cha Shohei Saito wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilieleza gundi ya molekuli zenye mabawa mawili yanayokunjika. Zikiwa na umbo la V hupangana moja juu ya nyingine na kushika barabara, hata kwenye joto la nyuzi 100. Zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, mpangilio huvurugika, gundi huyeyuka kwa sekunde chache, na nguvu yake hushuka kwa asilimia 85. Ikipashwa joto hurudia hali yake, tayari kutumika tena. Wengine hutegemea molekuli za ukoo wa asidi ya sinamiki, ambayo asili ya jina lake ni mdalasini. Urujuanimno wa mawimbi marefu huziunganisha mbilimbili kwa pete ya kaboni nne. Wa mawimbi mafupi huikata pete ileile. Mwanga hufunga, mwanga hufungua. Ni kemia nzuri mno, na walioibuni wamefikiri kama fundi wa herbaria: kabla ya kuuliza itashikaje, wameuliza itaachiaje.

Lakini mwanga lazima uifikie gundi, kwa hiyo upande mmoja sharti uwe kioo au kitu kingine kinachopenyeka. Viwanda vya chipu za kompyuta vimenufaika zamani na jambo hilo: kisahani cha silikoni hushikwa na utepe kikikatwa, kisha utepe humulikwa na vipande huachia. Jani kavu juu ya karatasi nene haliruhusu hivyo. Tena urujuanimno hupausha rangi ya ua na kuidhoofisha karatasi, na kabati za herbaria hufungwa ili mwanga usiingie. Hapo maji bado ndiyo ufunguo, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Uzito wa kazi hii unaonekana pale inapopotea. Mimea mingi iliyochumwa Usambara enzi za Wajerumani, ikiwamo ya Carl Holst, ilikuwa Berlin, katika herbaria ya Dahlem iliyoungua kwa mabomu mwezi Machi 1943. Zilizonusurika ni nakala zilizokuwa zimepelekwa kwingine. Mkusanyiko wa Amani, ulioanzishwa mwaka 1902, ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Karatasi husafiri, hupakiwa, huazimwa, na kila safari hujaribu vile vidaraja vya kitambaa.

Na husomwa upya. Miaka ya karibuni, baada ya vinasaba kulinganishwa, jenasi nzima ya Saintpaulia imeingizwa ndani ya Streptocarpus, kwa hiyo violeti ya Shume sasa ni Streptocarpus shumensis. Katika herbaria, kibandiko chenye jina la zamani hakibanduliwi. Jina jipya huandikwa kwenye kipande kingine, pamoja na mwaka na jina la aliyelithibitisha, kikabandikwa jirani yake, pale ambapo fundi wa kwanza alipaacha wazi kwa makusudi.