Merchant, Tajiri na Bepari: Tathmini ya Jina la Mabepari wa Venisi kwa Kuzingatia Historia ya Kibiashara ya Bagamoyo

Tafsiri ya Julius K. Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Kwa kuwa kitabu kilitoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, ni rahisi kuhitimisha kwamba mfasiri, aliyekuwa pia Rais wa nchi, alilitia neno la Shakespeare siasa ya Ujamaa. Makala haya yanashughulikia jina la kitabu pekee. Yanadai kwamba hitimisho hilo lina ukweli, ila ushahidi wake umezoeleka kutafutwa mahali pasipo penyewe: unatafutwa katika maana ya bepari, ilhali uko katika wingi wake.

Neno merchant lina polisemia katika lugha yake lenyewe. Katika Kiingereza cha zama za Shakespeare lilimtaja hasa mfanyabiashara mkubwa wa ng’ambo, tofauti na muuza duka. Lilitumika pia kwa dharau kumaanisha mtu yeyote asiye na adabu; yaya katika Romeo and Juliet analitumia hivyo kumhusu Mercutio. Mfasiri wa Kiswahili hakukosa visawe. Alikuwa na mfanyabiashara, tajiri, bazazi, mchuuzi na bepari. Tatizo ni kwamba kila kimoja kilikuwa kimesafiri mbali na asili yake. Tajiri, katika Kiarabu, ni mfanyabiashara. Katika Kiswahili amekuwa mwenye mali, na kwa wavuvi wa pwani, Mbegani ikiwemo, tajiri ni mwenye chombo, awe na fedha nyingi au asiwe nazo. Bazazi, ambaye asili yake ni muuza nguo, ameishia kuwa mlaghai. Mchuuzi ni mdogo mno kwa mtu mwenye merikebu baharini.

Bepari nalo lilitoka India, ambako katika Kigujarati na lugha jirani lina maana ya mfanyabiashara tu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalifafanua hivyo bila lawama yoyote. Bagamoyo ilikuwa mahali pa kufaa kwa neno hilo. Huko, katika karne ya 19, misafara ya bara ilipata mizigo na wapagazi kwa wafanyabiashara kama Sewa Haji Paroo. Kwa maana ya zamani, Sewa Haji alikuwa bepari, na kumwita hivyo kusingekuwa tusi. Baada ya Februari 1967, Azimio lilipouweka ubepari sambamba na ukabaila kama sura za unyonyaji, neno lilelile likawa hukumu. Hivyo, mwaka 1969 maana mbili ziliishi pamoja. Mhakiki anayelirudisha jina la kitabu katika Kiingereza kwa maana ya kisiasa pekee analipima neno kwa kamusi ya baadaye na kuifuta maana ambayo msomaji wa pwani angeweza kuitambua. Kwa kigezo cha Nida (1964) cha ulinganifu wa kidinamiki, kinachotazama namna hadhira lengwa inavyoipokea matini, kosa hilo si dogo.

Kinachobaki bila kuelezwa na maana ya zamani ni wingi. Toleo la mwaka 1600 linaondoa shaka: jina lake refu linamtofautisha merchant, yaani Antonio, na Shylock anayemtendea ukatili. Kiambishi ma- ni cha kawaida kwa nomino hii na hakina ukuzaji wala dharau, lakini kinamwondoa Antonio katika upekee wake na kuita kundi.

Ulinganisho na Kirusi unaonesha kuwa jambo hili halikulazimishwa na itikadi. Tamthilia hujulikana huko kama Venetsianskiy kupets, kwa umoja. Kupets, lenye mzizi wa kununua, lilikuwa jina la tabaka la kisheria lililofutwa baada ya mapinduzi ya 1917. Hata hivyo wafasiri wa enzi ya Kisovieti waliendelea nalo. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu Kirusi kilikuwa na neno lingine, kapitalist, la kubeba dhana ya kisiasa. Kiswahili kiliitwika dhana hiyo neno lilelile la sokoni. Hata hivyo, Nyerere angeweza kuandika “Bepari wa Venisi”. Hakufanya hivyo.

Je, matini chanzi inauunga mkono wingi huo? Upande mmoja, hapana. Antonio hukopesha bila riba, na uadui wake na Shylock unasimama juu ya tofauti hiyo. Kuwaita wote mabepari kunaififisha. Upande mwingine, Portia anapoingia mahakamani anauliza ni yupi mfanyabiashara na yupi Myahudi, kana kwamba kwa macho hawatofautiki. Zaidi ya hapo, Shylock anawakumbusha Wavenisi kwamba wao wenyewe wana watumwa walionunuliwa na huwatumia wapendavyo, naye amenunua ratili yake ya nyama kwa njia hiyohiyo. Hoja hiyo haihitaji tanbihi Bagamoyo, mji ambao watu na pembe za ndovu vilifika katika misafara ileile. Wingi wa Nyerere umeisikia hoja ya Shylock kuliko jina la Shakespeare linavyoisikia.

Makala haya yanahitimisha kwamba jina Mabepari wa Venisi ni tafsiri sahihi kwa mzizi na ni ufasili wa kihakiki kwa idadi. Mtahini anayelihesabu kosa la kileksika hana msingi. Anayelalamikia upotevu wa Antonio anao. Tofauti hii inawahusu pia wanaofasiri historia ya Bagamoyo leo. Jina la Sewa Haji limebaki katika jengo la Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa sababu ya mali aliyoitoa kwa tiba. Mfasiri atakayemwita bepari bila kubainisha ni bepari wa zama zipi atakuwa amemhukumu mtu, naye akidhani amefasiri neno.