Mwomboko ni Goti

Julai iliyopita niliketi kwenye benchi la ubao katika ukumbi wa shule moja karibu na mji wa Nyeri, nimejifunga skafu hadi masikioni kwa baridi ya msimu wa gathano, nikawatazama wanafunzi 24 wakicheza kitu ambacho mtangazaji alikiita mwomboko. Wavulana walikuwa vifua wazi, viunoni wamefunga magunia yaliyokatwa yafanane na ngozi ya mbuzi. Wasichana walikuwa wamepakwa chokaa mashavuni. Mahali pa kinanda cha mugeto, yaani akodioni, pakawa na kinanda cha umeme kilichotegeshwa mdundo wa kujipiga chenyewe, na kando yake mvulana mmoja akitikisa kayamba. Katikati ya wimbo wawili walipiga sarakasi, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mgeni wa heshima akasimama, akatangaza kwamba mila zetu ziko salama mikononi mwa vijana.

Nilitoka pale roho ikinichemka, na mpaka leo haijapoa. Sina neno na wale watoto. Walitokwa na jasho, walifanya walichofundishwa, na walikitenda kwa moyo. Neno langu liko kwetu sisi tuliokaa kwenye viti tukapiga makofi bila kujua tunakipigia nini. Mtoto akisifiwa kwa kosa, hulihifadhi kosa lile kama urithi na kuwapa wanawe. Msimu wa mashindano ya shule unarudi kila mwaka, na wewe utaalikwa kumtazama mwanao au mjukuu wako. Kwa hiyo nitakuambia cha kutazama.

Anza na mavazi, ila usikawie hapo. Mwomboko si ngoma ya enzi za mababu wa kale. Ulishika mizizi kwa Agikuyu miaka ya 1930 na 1940, nyuma ya muthirigu, ile ngoma ya kuwapinga wamishonari iliyozuka mwaka 1929 na kupigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1930. Vijana waliokuwa wameona Wazungu wakicheza wawili wawili, na wengine waliorudi kutoka vitani, walichukua kinanda cha mgeni na hatua zake za waltz, wakavigeuza vikawa vyao. Wanaume walicheza kwa koti na kofia, wanawake kwa gauni au sketi ya heshima. Ngozi ni vazi la ngoma nyingine: kibata kichezwe kwa ngozi, na kichezwe vizuri. Ukiona mwomboko umevalishwa gunia, jua kwamba mwalimu hakumuuliza bibi yake hata swali moja.

Vyombo navyo usivipe muda mwingi. Ngoma ndefu inayobanwa mapajani ni ya Wachuka, na hakuna anayeipiga kama wao. Kayamba ni mali ya Wamijikenda. Isukuti ni ya Magharibi mwa Kenya, na mwaka 2014 UNESCO iliingiza dansi yake katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kila kimoja kina heshima yake kwao. Mwomboko unataka kinanda cha mugeto na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa, basi. Chombo cha tatu kikiingia, kuna udhaifu unaofunikwa.

Sasa tufike panapostahili.

Kila mtu aliyekulia kati ya Murang'a na Nyeri anajua kwamba mwomboko ni hatua mbili kisha kushuka. Tatizo liko kwenye kule kushuka. Mtazamaji wa kawaida hutazama nyuso. Hutazama meno, mikono, mistari inavyopishana, leso zinavyopepea. Anasema wamechangamka, anasema wamependeza. Hatazami goti, na mwomboko wote umo katika goti. Mchezaji wa kweli hushuka kwa goti huku mgongo wake umesimama wima kama mlango. Mchezaji wa kubahatisha hushuka kwa kiuno: anainama mbele kama mtu anayeokota sarafu, na goti lake linabaki limenyooka. Kwa mbali, kichwa kikiwa kimeteremka kiasi kilekile, hutawatofautisha. Ndiyo sababu waamuzi wengi hudanganyika.

Lakini sketi itakuonyesha. Tazama pindo lake. Msichana akishuka kwa goti, pindo lote linateremka sawasawa kuuzunguka mguu, mbele na nyuma kwa pamoja, kama ndoo inayoshushwa kisimani bila kumwaga maji. Akishuka kwa kiuno, pindo la nyuma linapanda, la mbele linalegea, na sketi inalala mshazari. Hakuna tabasamu linaloweza kuficha jambo hilo. Kaa ubavuni mwa jukwaa, kamwe usikae mbele, na uwatazame wasichana kumi na wawili wakiwa safu moja. Kikundi kilichoiva, mapindo kumi na mawili yanashuka kama mstari mmoja na kupanda kama mstari mmoja. Kikundi kibichi, utaona mstari uliovunjikavunjika kama ua lililopitiwa na ng'ombe. Kwa wavulana tazama ukingo wa kofia. Kofia ya mchezaji hushuka ikiwa bapa. Ya mbahatishaji huinamia sakafu.

Ukishalishika pindo, tega sikio. Goti halianzi kushuka karing'aring'a inapolia. Goti linafika chini karing'aring'a inapolia. Hizo ni ngoma mbili tofauti kabisa. Yule anayesubiri chuma kilie ndipo ashuke, amechelewa maisha yake yote. Yule anayefika pamoja na chuma ameusikia mlio kabla haujatoka, kwa kuwa umo ndani yake. Hapo ndipo utakapohisi kitu kifuani mwako hata kama hujui jina la ngoma. Huo ndio mwomboko.

Nilifundishwa kuyaona mambo haya na mzee mmoja wa upande wa Othaya, mpiga karing'aring'a tangu ujana wake, ambaye shule kadhaa zilikuwa zikimwita zamani kusaidia mazoezi. Alikuwa akigeuza kiti chake na kuwapa wachezaji mgongo. Alisikiliza viatu tu. Siku moja aliinua mkono, muziki ukanyamaza, akasema: wa tatu kutoka mlangoni anacheza kiuno. Tulipomwambia msichana yule acheze peke yake, ilikuwa kweli. Nilimuuliza amejuaje. Akanieleza kwamba anayeinama kwa kiuno huutupa uzito wake kwenye vidole vya mguu, na anapoinuka kiatu hukwaruza sakafu kabla ya kuinuka. Anayepinda goti huweka uzito katikati ya unyayo, na kiatu chake huinuka kimya. Tangu siku ile nasikia mkwaruzo huo kila mahali, na nikiwasikia wengine wakipiga makofi juu yake naumia.

Dawa yake ilikuwa moja. Aliwapeleka wasichana mteremkoni hadi mtoni, kila mmoja na kiondo kilichojazwa viazi mgongoni, mukwa, ile kamba ya kubebea, kwenye paji la uso, kisha wakapanda tena. Walipofika juu hawakupumzika. Kinanda kikaanza hapohapo. Magoti yao yalikuwa yamekwisha kufundishwa na mlima. Mtu wa nchi tambarare anaweza kujifunza mwomboko, lakini atachukua muda mrefu zaidi, kwa sababu mteremko ndio mwalimu wa kwanza wa goti. Huwezi kushuka kwenda mtoni na mzigo huku umeinama kwa kiuno, utaanguka.

Matapeli nao wanaijua siri hii ya pindo. Yupo mkufunzi mmoja aliyeshona sketi za kikundi chake ndefu hadi zikafagia jukwaa. Watu walisifu mavazi. Mimi nilijua kwamba chini ya kitambaa kile hakukuwa na goti hata moja lililopinda. Pindo la haki hukaa katikati ya muundi, si zaidi wala pungufu. Sketi inayogusa sakafu imeshonwa ili ifiche.

Mkufunzi mwingine aliuza ngoma moja kwa shule tatu katika msimu mmoja. Alibadilisha rangi ya leso, akabadilisha jina la wimbo, akapokea malipo mara tatu. Nilimtambua kwa kosa. Katika ubeti wa tatu, safu ya nyuma iligeuka kushoto wakati kinanda kinaomba kulia, na kosa hilohilo lilitokea katika shule zote tatu, mahali palepale. Mcheza ngoma hukosea kwa namna yake mwenyewe. Kosa linalofanana shule tatu limenunuliwa. Wapo pia wanaoleta mamluki: kijana mwenye sauti nzito na kidevu kilichonyolewa asubuhi ile, ndani ya sare ya kidato cha pili. Usihangaike kukagua uso wake. Tazama jinsi wenzake wanavyomwachia nafasi, kama watu wanaocheza na mgeni.

Yaliyobaki nitayapitia upesi. Sikiliza maneno ya wimbo. Gikuyu ina irabu saba, na watoto wengi wa mjini siku hizi huimba kwa tano za Kiswahili. Neno linabaki na sura yake huku maana imekwisha kutoroka. Kiongozi wa wimbo aimbe kama mtu anayesimulia, asipige kelele kama mnadi wa sokoni Karatina. Kikundi kiingie jukwaani kikiwa tayari ndani ya ngoma. Kinachoingia kwa kutembea kisha kikajipanga kimekwisha kupoteza alama zangu. Jozi zisizidi kumi na mbili. Na mchezaji amtazame mwenzake. Mwomboko ni mazungumzo ya watu wawili, na anayemtabasamia mgeni wa heshima amemwacha mwenzake akiongea peke yake.

Nilipokuwa mdogo, upande wa Mukurwe-ini, siku ya malipo ya kahawa ilikuwa siku ya mwomboko. Watu wazima walikusanyika kwenye uwanja wa kiwanda jioni, baba na koti lake la Jumapili, mama na sketi ya kijivu iliyopigwa pasi ya makaa. Hakuna aliyepewa cheti wala kikombe. Sisi watoto tulikaa kwenye nyasi, macho yetu yakiwa sawa na magoti ya wakubwa, na pengine ndiyo sababu kizazi chetu kililiona goti kabla ya kuiona sura. Siku hizi mtoto anaona ngoma kwenye simu, na simu humkata mchezaji kiunoni.

Sisemi mashindano yafungwe. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu mwaka 1927, na bila hilo ngoma nyingi zingekuwa zimezikwa na wenyewe. Agosti 2023 fainali za kitaifa zilifanyika papa hapa Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Kimathi mwenyewe, mwana wa Tetu na kiongozi wa Mau Mau, kabla ya kuingia msituni alikuwa na kikundi cha maigizo kikiitwa Gichamu, huko Karuna-ini. Ardhi hii imejua jukwaa kwa muda mrefu. Ina haki ya kudai kazi safi.

Na kudai kazi safi ni desturi yetu, hatukuianza leo. Mwaka 1977 huko Kamirithu, Limuru, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii walipotayarisha tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ambamo ngoma ya gitiiro huchezwa na kuimbwa, mazoezi yalifanyika mbele ya macho ya watu. Wanakijiji waliokuja kutazama waliwasahihisha waigizaji: fanya hivi, sema vile. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 2, na kufikia katikati ya Novemba serikali ilikuwa imeupiga marufuku. Kazi iliyopita mikononi mwa watu wenye macho makali namna hiyo ilikuwa na nguvu ya kuogopwa. Ngoma ya magunia niliyoiona Julai haitamwogopesha mtu, maana hakuna aliyeipenda kiasi cha kuisahihisha.

Kwa hiyo nakuomba. Mwaka huu ukialikwa shuleni, iwe Nyeri, Karatina, Kerugoya au Nanyuki, kaa ubavuni mwa jukwaa, karibu na sakafu. Acha nyuso, tazama mapindo. Wakicheza vizuri, simama upige makofi hadi viganja viwake. Wakikosea, usiwavunje moyo hadharani. Subiri watu watawanyike, umfuate mwalimu, umwambie kwa heshima ulichokiona. Na ikiwa kijijini kwako bado yuko mzee anayepiga karing'aring'a, mtafutie usafiri umpeleke shuleni mwezi wa tatu, wakati mazoezi yanaanza. Akifika mwezi wa saba, magoti ya watoto yatakuwa yamekwisha kufundishwa na mtu mwingine.