Rosa Alijirudi: Kuisoma Rosa Mistika kutoka Owino

Darasani tunapoijadili Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, lawama nyingi humwangukia Zakaria, baba yake Rosa. Ni kweli kwamba fimbo yake haikumjengea binti maadili bali woga, na Rosa alipokuwa mbali na nyumbani, woga huo ukaisha. Lakini tukikomea hapo tunaisahau sehemu ya mwisho: Rosa anajirudi ukubwani. Anayemvunja ni Charles, mchumba wake, anayempima kwa maisha yake ya zamani.

Naielewa sehemu hiyo vizuri zaidi nikilifikiria soko la Owino hapa Kampala. Muuza mitumba akificha tundu la shati leo, mteja hatarudi. Kesho akiamua kulionyesha tundu na kupunguza bei, uaminifu huo mchanga utakomaa iwapo tu yupo mnunuzi wa kumsadiki. Asipompata, atajiuliza unamfaa nini.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema riwaya hii inathibitisha tu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Rosa alijikunja upya akiwa amekwisha kauka; aliyeshindwa kukunjika ni Charles.