Sifa ya Anayepigwa

Anayetazama mieleka kwa mara ya kwanza humtazama mpigaji. Jicho hufuata mkono unaonyanyuka, na hakuna wa kulilaumu. Lakini kaa na kanda za zamani, za miaka ya sabini hadi tisini, uzirudie bila haraka, na utaona kwamba kazi kubwa iko upande wa pili. Katika mieleka ya kulipwa, pambano hubebwa na anayepigwa. Ngumi iwe nzuri vipi, ikimkuta asiyejua kuipokea imekwenda bure. Na kofi moja tu, likitua kwa fundi, huwainua watu vitini.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: ndiyo, mshindi hupangwa kabla, na wanamieleka wenyewe hawafichi tena. Kule Lamu, kwenye kirumbizi, watu wawili huingia katikati ya duara na fimbo zao, ngoma na zumari zikilia, na wazee huwatazama kwa makini kabisa. Hakuna anayesimama kuuliza kama kweli wanataka kupasuana vichwa. Kinachotazamwa ni nani anajua na nani hajui. Mapambano ya zamani nayo naomba yatazamwe kwa jicho hilo.

Tuanze na kuanguka. Sakafu ya ulingo ni mbao zilizopangwa juu ya vyuma, kisha sponji nyembamba, kisha turubai. Anayeanguka huinamisha kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, huachia pumzi, hutua kwa mgongo wote kwa pamoja, na mikono hupiga sakafu wakati uleule ili kishindo kitawanyike. Hapo ameanguka salama, na bado ameumia. Hakuna namna ya kuigiza kuanguka. Na ukimwona mtu ananyanyuliwa juu ya kichwa cha mwenzake, tazama miguu yake kabla haijaacha sakafu: karibu kila mara ameruka kidogo, amemsaidia anayemnyanyua. Wananyanyua wote wawili, kisha mmoja anamkabidhi mwenzake shingo yake na kumwamini.

Ufundi huu una adabu zake za kale. Marekani, anayemkaba mwenzake kichwa au kumshika mkono hushika upande wa kushoto. Mexico hushika upande wa kulia. Ndiyo maana watu wawili ambao hawajawahi kuonana waliweza kukutana jioni katika mji wasioujua, wakabadilishana maneno machache, wakaingia ulingoni na kucheza dakika ishirini bila kugongana. Mengine yalinong'onwa humohumo, uso wa mmoja umefichwa kwenye bega la mwingine, na refa naye alipitisha ujumbe na kuwakumbusha muda uliobaki.

Tarehe 29 Machi 1987, katika uwanja wa Pontiac Silverdome, Michigan, ilifanyika WrestleMania III. Waandaaji walitangaza watazamaji 93,173, idadi inayobishaniwa mpaka leo. Ukiitaja siku hiyo, shabiki yeyote atakuambia habari za Hulk Hogan kumnyanyua André the Giant na kumbwaga. Wengi wa kizazi changu tuliiona picha ile kwenye mabanda ya video, kanda imechakaa na picha inaruka, na tulimshangilia Hogan mpaka sauti zikakauka. Leo sifa zangu nampa André. Mfaransa yule alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka uliotangulia, na siku ile chini ya vazi lake la ulingoni alivaa mkanda wa kuushikilia. Mtu wa ukubwa ule hanyanyuliwi asipokubali kunyanyuliwa. Alikubali, akaanguka kwa mgongo ule mbovu, na kwa kuanguka kwake akamkabidhi Hogan miaka ya utawala.

Pambano lenyewe la siku ile, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kupita: Ricky Steamboat na Randy Savage, dakika zisizofika 15, wakigombea mkanda wa ubingwa wa Intercontinental. Miezi michache nyuma Savage alikuwa amemponda Steamboat koo kwa kengele ya ulingoni. Savage hakuwa mtu wa kubahatisha. Steamboat amesimulia jinsi walivyoandika kila hatua, wakaipa namba, kisha wakawa wanahojiana wenyewe kwa wenyewe kuona nani amekariri na nani bado. Ungedhani kazi iliyopimwa hivyo itatoka kavu. Tazama Steamboat. Kila koo lake linapoguswa mikono yote miwili inakwenda shingoni, mdomo unafunguka, hewa haipiti. Hapigi kelele, maana mwenye koo lililopondwa atapiga kelele kwa lipi? Watazamaji wa viti vya mwisho kabisa, ambao kwao wanaume wale walikuwa vitone viwili, wanaikumbuka kengele bila mtu kuwakumbusha. Ndipo Savage anapoichukua kengele ileile na kupanda nayo kwenye kona. George Steele, aliyekuwa pembeni upande wa Steamboat, anamsukuma anaanguka. Savage anainuka akiwa hajielewi, anamnyanyua Steamboat ili ambwage, na Steamboat anageuka hewani, anamkunja shingo na mguu pamoja, wanaviringika chini. Moja, mbili, tatu. Savage alikuwa ameushikilia mkanda ule zaidi ya mwaka mmoja.

Steamboat alikuwa stelingi karibu maisha yake yote ya ulingoni, na hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Adui ana uhuru: atadanganya, atakimbia, atamtukana bibi aliyekaa mstari wa mbele. Stelingi ana kitu kimoja tu, kuumia kwa namna inayomfanya mtu wa mbali amwonee uchungu, halafu kuinuka wakati hasa ambapo watu wamekwisha kukata tamaa. Akiinuka mapema, hakuna raha. Akichelewa, watu wamepoa. Steamboat aliijua dakika ile, na sijaona aliyeijua kumzidi.

Aliyekaribia ni Ric Flair, na yeye alikuwa adui. Oktoba 1975 ndege ndogo aliyopanda ilianguka Wilmington, North Carolina, ikamvunja mgongo. Aliporudi ulingoni alibadilisha namna ya kuanguka: badala ya mgongo wote, akawa anatua kwa ubavu na nyonga. Ukishalijua hilo utaliona katika kila kanda yake ya miaka ya themanini, na utashangaa mtu mwenye jeraha lile alivyoendelea kurushwa usiku hadi usiku. Alikuwa bingwa wa dunia, anaingia na joho linalometameta, nywele za dhahabu, anatembea ungedhani ukumbi ni wake. Na kazi yake yote ilikuwa kumfanya mpinzani aonekane anastahili kumvua ubingwa ule. Aliomba msamaha kwa magoti. Alipanda kwenye kona ya juu huku kila mtu akijua atakamatwa na kutupwa chini. Alipokea kofi la kifuani, akasimama, akapiga hatua mbili tatu za mtu mzima na afya yake, halafu akaenda chini kifudifudi, mzimamzima. Hilo la mwisho ningeweza kulirudia jioni nzima. Zile hatua chache ndizo zenye siri: watu wanapata nafasi ya kujiuliza kama kofi lilimwingia, kisha wanajibiwa.

Mwaka 1989 watu hawa wawili walikutana mara tatu katika mapambano makubwa. Chicago mwezi Februari, Steamboat akautwaa ubingwa. New Orleans tarehe 2 Aprili, pambano la kushinda awamu mbili kati ya tatu, likaenda karibu dakika 55 ndani ya Superdome ambamo viti vitupu vilikuwa vingi kuliko watu. Wengine husema ni refu mno. Mimi naona urefu ndio uliolitengeneza. Flair alishinda awamu ya kwanza. Ya pili Steamboat alimkunja mikono yote miwili kwa nyuma, Flair akasalimu amri. Katika pambano hilo Flair aligeukia mguu wa Steamboat, akaupiga, akaukunja, akaurudia. Na Steamboat akaanza kuchechemea. Wapo mafundi wazuri tu ambao huchechemea dakika mbili, kisha zamu yao ya kupiga ikifika wanakimbia kama kawaida. Steamboat alichechemea hata alipokuwa anashinda. Alirusha kofi huku uzito wote ameuweka kwenye mguu mzima. Alimbwaga Flair na kuchelewa kumlalia kwa sababu goti lilimshika. Mwishoni alimfunga tena mikono kwa nyuma, na ule mguu ukakataa. Wakaanguka wote wawili chali, mabega chini, refa anahesabu, na Steamboat akanyanyua bega lake kabla ya tatu. Mguu wa Flair ulikuwa umefika kwenye kamba na refa hakuuona, kwa hiyo ugomvi ukabaki hai. Goti lile lilikuwa limesimuliwa hatua kwa hatua muda wote huo, na hapo ndipo lilipoamua kisa.

Uingereza walikuwa na njia yao nyingine. Jumamosi alasiri ITV ilionyesha mieleka ya raundi, watu wakipeana mikono, na maonyesho hayo yalidumu kwa zaidi ya miongo mitatu hadi mwisho wa 1988. Mtafute Johnny Saint wa Manchester. Anajikunja chini mpaka anakuwa mpira, mpinzani anamzunguka hajui ashike wapi, ananyoosha mkono, na kumbe mkono ndio uliokuwa unasubiriwa. Hakuna hasira ndani yake hata tone.

Kanda za zamani zina uchafu wake pia, na sipendi kuupita. Kuna Kamala, aliyetangazwa kama jitu kutoka Uganda, mlinzi wa zamani wa Idi Amin, mwili umechorwa rangi, miguu mitupu, mkononi mkuki. Mtu mwenyewe alikuwa James Harris wa Mississippi, na sura ile ilibuniwa Memphis mwaka 1982. Sisi tunaotazama kutoka upande huu wa dunia tunaumia tukiiona, na ni haki yetu kuumia. Ila nikimtazama Harris mwenyewe namwona fundi aliyepewa vazi la aibu na akafanya kazi ndani yake: anavyosita mbele ya mpinzani, anavyojipiga tumbo, anavyosahau kumgeuza mtu chali ili ahesabiwe. Alifariki Agosti 2020, baada ya kisukari kumgharimu miguu yote miwili. Kanda zake nazitazama kwa ajili yake. Waliombuni sura ile hawana sifa kwangu.

Turudi kwa wanaobeba. Wembley, London, tarehe 29 Agosti 1992, watu zaidi ya elfu themanini, pambano la mwisho: Bret Hart na shemeji yake Davey Boy Smith, Mwingereza aliyerudi nyumbani. Bret ameeleza kwamba mapema tu Davey Boy alisahau karibu kila kitu walichopanga, ikabidi yeye amwongoze kwa kumnong'oneza tangu mwanzo hadi mwisho. Litazame ukilijua hilo. Bret anakaba kichwa, na mdomo wake uko karibu na sikio la mwenzake. Anapigwa, anarushwa, anaanguka, na wakati huohuo ndiye anayeendesha. Mwishoni Davey Boy anambana chini kwa miguu, refa anamaliza kuhesabu, uwanja unalipuka. Aliyetengeneza ushindi ule alikuwa chini yake.

Karibu miaka mitano baadaye, Machi 1997, karibu na Chicago, Bret huyohuyo alikutana na Steve Austin, refa akiwa Ken Shamrock. Austin aliingia akiwa adui. Bret alimfunga miguu na kumkunja mgongo, damu ikamshuka Austin usoni hadi kwenye meno, akajisukuma juu kwa viganja, akapiga ukelele, akashuka tena, na hakusalimu amri. Alizimia, Shamrock akasimamisha. Katika kumbukumbu ameshindwa. Watu walitoka pale wakiwa wake, na Bret aliyeshinda akawa adui kuanzia usiku ule. Sijui ushahidi mkubwa zaidi wa ninachokisema.

Vijana wa leo wana miili na wepesi ambao wazee hawa hawakuwa nao, hilo lisibishaniwe. Ninachokikosa kwao ni muda wa kuumia. Mtu anatupwa juu chini, anainuka papo hapo amtupe mwenzake, na pigo la kutisha la sita linakuta la kwanza limekwisha kusahaulika.

Anayetaka kuanza na aanze na New Orleans, aangalie goti. Kisha aende Nashville, tarehe 7 Mei 1989, mara ya tatu ya Flair na Steamboat. Goti la Steamboat linaumizwa tena. Anamnyanyua Flair ili ambwage, goti linalegea, na Flair anamkunja na kumviringisha chini, kwa mtindo uleule ambao Steamboat alimshindia Savage kule Pontiac. Ubingwa umerudi kwa Flair. Nakuomba usizime hapo. Terry Funk, aliyeketi pembeni kama mmoja wa majaji, anapanda kumpongeza, anaomba apambane naye, anakataliwa kwa upole, na anamvamia. Anamkita kichwa juu ya meza. Flair, adui wa miaka mingi, aliyeombaomba kwa magoti na kuiba ushindi katika kila mji, yuko chini ameshika shingo, na ukumbi uliomzomea unamwonea uchungu. Flair hakurudi kupambana hadi Julai, Baltimore. Alipoingia na joho lake, walimshangilia kama stelingi, na akampiga Funk.