Sauti ya Kila Kiti

Nyumba za kale za mawe za Lamu na Zanzibar hazikuwa na tatizo la sauti isiyofika sawa kwa kila aliye chumbani. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa masafa marefu, chumba kilibaki kirefu na chembamba, upana wake ukiwa haupiti sana mita 3. Saruji na nondo ndizo zilizotuondolea mpaka huo. Leo ramani ya nyumba mpya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi mara nyingi huunganisha sebule, meza ya chakula na jiko katika ukumbi mmoja usio na ukuta wa kati: chini marumaru, pembeni vioo vipana, juu dari ya jipsamu. Macho hufurahi, lakini masikio hugombana. Aliye kwenye kochi mbele ya televisheni anaomba sauti ipunguzwe wakati uleule ambao anayekaanga vitunguu anaomba iongezwe, na wote wawili wana haki. Anayeweza kuwapatanisha ni fundi anayejua kupanga spika za darini. Naye huwapatanisha kwa vipimo na mahali, wati zikifuata nyuma kabisa. Ndiyo maana inaniuma kuona sifa zote zikienda kwa mashine kubwa, na aliyeshika futi akilipwa kana kwamba alikuja kutoboa matundu tu.

Tuanze na hizo wati, kwa sababu ndizo zinazotangazwa dukani. Sauti inayotoka moja kwa moja kwenye spika hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Aliye mita 2 kutoka kwenye spika na aliye mita 8 wametofautiana desibeli 12, na kumpa wa mbali kile alichonacho wa karibu kunadai nguvu mara 16. Ubaya ni kwamba nguvu hiyo haiendi kwake peke yake. Humpitia kwanza wa karibu, ikampigia kelele masikioni, ndipo ifike jikoni. Atasema mtu: lakini ukumbi wenyewe husaidia, kwani kuta na sakafu hurudisha sauti, na kwa kweli jikoni hakupungui kiasi hicho. Ni kweli, na hapo ndipo ulipo mtego. Wallace Sabine, aliyeanza mwaka 1895 kuchunguza ukumbi mmoja wa mihadhara wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikuta sauti ikidumu humo sekunde 5 na nusu ukumbi ukiwa mtupu, maneno ya mzungumzaji yakirundikana moja juu ya jingine. Alileta mito ya viti kutoka ukumbi jirani, akaongeza michache kila mara na kupima, mpaka akaonyesha jinsi vitu laini vinavyoinywa sauti. Sebule yetu ni ndogo mno kufikia sekunde hizo, ila ugonjwa ni uleule: sauti iliyozungukazunguka kwenye marumaru na vioo hufika jikoni ikiwa na ukubwa bila maana. Mpishi anasikia kwamba mtangazaji anazungumza, asisikie anachosema. Kwa hiyo fundi mzuri huuliza habari za zulia na mapazia kabla ya kuuliza aina ya spika.

Spika ya darini humwaga sauti kama taa yenye kikombe inavyomwaga mwanga, koni inayopanuka kadiri inavyoshuka. Kama koni ni ya nyuzi 90, kipenyo cha duara lake kwenye usawa wa masikio ni mara mbili ya umbali kutoka darini hadi sikioni. Dari ikiwa mita 3 na sikio la aliyeketi likiwa mita 1.2 kutoka sakafuni, duara ni mita 3.6. Mpishi amesimama, sikio lake liko kama mita 1.6, na duara lake ni mita 2.8 tu. Spika ileile, dari ileile, na mpishi amekwisha kupoteza sentimita 80. Kisha kuna kosa linalowanasa hata waliojaliwa kufika kwenye hesabu hiyo: kupanga miduara iguse tu, ubavu kwa ubavu, kama sahani mezani. Zile nyuzi 90 zilizoandikwa kwenye katoni kwa kawaida humaanisha pembe ambako sauti imekwisha kushuka desibeli 6 kuliko katikati. Ukingoni pia ni mbali zaidi, na umbali huo unakula desibeli 3 nyingine. Jumla 9, karibu nusu ya ukubwa wa sauti kwa jinsi sikio linavyohukumu. Duara la jirani likigusa hapo hurudisha kama 3, na shimo linabaki. Lazima miduara ipishane. Katika ukumbi wa mita 9 kwa 5, spika mbili katikati ya dari zitaacha njia nyembamba za kiza kila upande. Sita katika safu mbili, mita 3 kwa urefu na mita 2.5 kwa upana, nusu ya masafa hayo kutoka ukutani, zitaujaza. Zile za upande wa jiko husogezwa zikaribiane kidogo kwa ajili ya mpishi, lakini isiwekwe hata moja juu ya moto wa mafuta, wala kwenye kona, ambako kuta huvimbisha besi mpaka ngoma ikasikika kama mtu anayesukuma kabati. Na ikumbukwe kwamba sauti nyembamba zina koni finyu kuliko besi. Hizo ndizo zinazotenganisha herufi, na zikikosekana, “fika” huweza kusikika kama “shika”.

Wapo wapenzi wa muziki watakaopinga, na pingamizi lao nalichukua kwa uzito. Muziki, wanasema, umerekodiwa kwa spika mbili zilizo mbele ya msikilizaji. Ukizitawanya sita darini, udi hautajulikana umekaa wapi na fidla wapi. Kwa mtu mmoja aliyeketi kwenye ncha ya pembetatu na spika zake mbili, wana haki kabisa, na kwake jozi nzuri mbele ya kochi haina mbadala. Ila ukumbi wazi hauna msikilizaji mmoja. Ukiweka upande wa kushoto wa muziki juu ya kochi na wa kulia juu ya jiko, mpishi anasikiliza nusu ya taarabu maisha yake yote. Afadhali pande zote mbili zichanganywe, kila spika itoe wimbo mzima. Hofu ya pili, kwamba spika sita zitasikika kama watu sita wanaosema kwa kupokezana, ilijibiwa na Helmut Haas mwaka 1949: sauti ileile ikirudiwa ndani ya milisekunde 30 hivi, sikio huziunganisha kuwa moja na kuifuata ile iliyotangulia. Katika mita 9 sauti husafiri milisekunde kama 26. Sebule imo ndani ya msamaha huo. Msikiti mkubwa haumo, na ndiyo maana kule mitambo huhitaji kuchelewesha spika za nyuma.

Kuhusu gharama, spika sita ndogo zinazonong’ona hazihitaji amplifaya ya kutisha, ingawa zinahitaji hesabu ya nyaya: spika nne za omu 8 zikifungwa sambamba hubaki omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani huchemka hapo. Na kwa anayeamini kwamba programu ya simu itasawazisha kila kitu, programu hupandisha au kushusha ukubwa wa noti. Haihamishi tundu lililokatwa mahali pasipofaa.

Tundu hilo ndilo la kutazamwa kwa karibu. Katoni huja na karatasi ya duara la kuchorea, na fundi wa pupa hushika msumeno papo hapo. Fundi wa kweli hutoboa kwanza kitundu cha penseli, akaingiza waya alioukunja pembe, akauzungusha juu ya jipsamu kama akrabu ya saa. Ukizunguka bila kugonga fremu wala bomba la nyaya, hukata. Ukigonga, hushuka ngazi na kurudia hesabu, kwa sababu kusogeza spika moja ni kusogeza safu nzima. Spika ikiingia, hukaza skrubu, makucha yake yakafunguka na kuibana jipsamu: yakilegea italia kwa kila besi, yakizidi ubao utapasuka. Mwisho huwasha mvumo unaofanana na mvua juu ya bati, akatembea taratibu na kipimo mkononi, kochi hadi sinki, akiketi kwenye kila kiti na kusimama mbele ya jiko, na haridhiki tofauti ikizidi desibeli 3. Baada ya hapo hupunguza sauti, akaipunguza tena, mpaka watu wawili wazungumze mezani bila kuinua koo, na anayekatakata vitunguu ajue ni nani aliyefunga bao.