Kitambaa Cheupe cha Kiwanjani

Kwani ni nani aliisoma kesi ya hijabu ya Isiolo mpaka mwisho? Wengi wetu tuliishia kwenye vichwa vya habari: nani kashinda, nani kashindwa. Hebu zisome hukumu zake tatu kwa mfuatano, kama sura za hadithi moja.

Sura ya kwanza: St. Paul's Kiwanjani, sekondari ya kutwa ya umma, mfadhili wake Kanisa la Methodisti. Mwaka 2014 unazuka mzozo: wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare? Kanisa linakwenda Mahakama Kuu, Meru, na Machi 2015 linashinda. Sare ni sare. Sura ya pili, Septemba 2016, Mahakama ya Rufani inapindua uamuzi: usawa si lazima wote wafanane. Sura ya tatu, Januari 2019, Mahakama ya Juu inaufuta ushindi huo, tena kwa sababu ya utaratibu tu: dai la mzazi halikuletwa mahakamani kwa njia ifaayo. Jaji Ojwang peke yake ndiye aliyepinga.

Hapo ndipo hadithi inaponikera. Ilianza na kichwa cha msichana, ikaishia kwenye makaratasi. Na katikati wanaongea kanisa, mzazi, serikali na mawakili. Wenye vichwa wanasemewa tu.

Ajabu ni kwamba Ukristo nao una watu wa kitambaa cheupe. Wamenonite, ambao ni Waanabaptisti, walifika Shirati, Tanganyika, mwaka 1934 kutoka Lancaster, Pennsylvania. Wamishenari wa kike walifunika nywele kwa vikofia vyeupe, wakifuata Wakorintho wa Kwanza, sura ya 11. Kanuni zao za mavazi zilikuwa kali kuliko sare yoyote ya shule. Hata tai ya mwanamume ilihesabiwa majivuno.

Zipinge ukitaka. Lakini zilikuwa na msingi. Tangu Zürich, 1525, Waanabaptisti wanashikilia kwamba mtoto mchanga habatizwi. Mtu huchagua mwenyewe akishapata akili zake. Ukishaingia kwa hiari, ndipo kanisa linapata neno juu ya nguo yako. Sawa, hiari ya mtu aliyelelewa humo ina mipaka, na hijabu pia inaulizwa swali hilohilo. Lakini angalau swali linaulizwa.

Kipimo hicho ndicho ninachokikosa katika hukumu hizi. Kiwanjani si ushirika wa waliobatizwa. Msichana alikwenda kusoma hesabu na kemia, hakwenda kujiunga na kanisa. Kumdai sare, sawa. Kumdai kichwa wazi ni kumtoza ada ya chama asichojiunga nacho.

Mahakama ya Juu iliacha mlango wazi kwa kesi mpya. Ikija, natamani ianze na sauti yake, hata akisema jambo ambalo si kanisa wala baba yake angependa kulisikia.