Miaa na Tairosini

Ukiketi na mama msusi kando ya barabara pale Lodwar, jua la saa nne likiwa limekwisha kukolea, utaona kwamba malighafi yake si nyingi. Ana miaa ya mkoma iliyokatwa karibu na mto Turkwel, basi. Mingine ni mipana na migumu, mingine ameichana ikawa myembamba kama uzi. Mipana hubeba, myembamba hupinda kona. Vikapu vyote alivyovipanga mbele yake vimetoka humo.

Humkumbuka mama huyo kila ninaposoma habari za kingamwili. Mwili huunda protini zake kwa asidi amino 20, na mtu angedhani kwamba kingamwili, ambayo kazi yake ni kumshika adui wa kila namna, ingezitumia zote sawasawa. Wapi! Kwenye ncha zake, pale vitanzi sita vinapoikumbatia antijeni, yaani kile kinachoshikwa, zimesheheni mbili kupita kiasi: tairosini na serini. Tairosini ni jani pana. Ina pete bapa ya kaboni inayopenda kulalia sehemu zenye tabia ya mafuta, na kwenye ukingo wa pete hiyo imening'inia oksijeni na hidrojeni, tayari kushikana na chochote chenye tabia ya maji. Serini ni ndogo, haidai nafasi, na kwa udogo wake kitanzi hupinda na jirani hupata pa kukaa. Justus von Liebig aliipata tairosini mwaka 1846 katika protini ya jibini, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki la jibini. Kwa hiyo mfugaji wa Turkana huisukasuka pamoja na maziwa kibuyuni kila asubuhi bila kuhitaji kuambiwa na mtu.

Mwaka 2004 Sachdev Sidhu na wenzake katika kampuni ya Genentech, Marekani, waliunda kingamwili ambazo sehemu za kushikia zilichanganywa kwa asidi nne tu. Mwaka uliofuata wakapunguza hadi mbili, tairosini na serini. Zikashika, tena kwa kuchagua. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu: mama wa Lodwar angewauliza walitegemea nini.

Ngamia naye ana ufundi wake. Mwaka 1993 watafiti wa Brussels, Raymond Hamers akiwa miongoni mwao, walitangaza kwamba mnyama huyu, pamoja na kingamwili kama zetu, ana nyingine zilizopungukiwa. Zetu zina minyororo mizito na miepesi iliyoegemeana, na pale zinapoegemeana zimefichwa asidi zenye tabia ya mafuta, kama lusini na triptofani. Hizi za ngamia hazina mnyororo mwepesi kabisa. Ukiondoa tu egemeo, mafuta yale yangebaki wazi na protini zingegandana kama mchuzi wa mbuzi uliopoa. Lakini mahali pale pale asidi chache zimebadilishwa, zikawekwa zinazopatana na maji, mfano arginini. Vitanzi vimebaki vitatu, na cha tatu mara nyingi hurefuka kikaingia kwenye mianya ambayo kingamwili zetu, kwa unene wao, huishia mlangoni. Mimi huusifu zaidi ufundi huu wa ngamia, wa kupunguza kisha kurekebisha kovu.

Huko Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanza mwaka 1992, kingamwili hufanya kazi nje ya mwili, ndani ya kipande cha plastiki kisichozidi kidole. Zimelazwa juu ya karatasi, zikingojea protini ya kimelea cha malaria iitwayo HRP2. Karibu theluthi moja ya protini hiyo ni histidini, imerudiwarudiwa pamoja na alanini, kwa hiyo mahali pa kushika ni pengi. Tone la damu, matone machache ya dawa, subira ya dakika 15 au 20, na chembechembe za dhahabu zilizobebeshwa kingamwili hukusanyika zikachora mstari mwekundu.

Mkono hodari nao hushindwa pasipo cha kushika. Kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2. Eritrea ililazimika kubadilisha kipimo mwaka 2016 kwa sababu yao. Nilimwona fundi mmoja wa maabara Kakuma akikiangalia kipimo cha mtoto aliyekuwa akichemka kwa homa mapajani mwa mama yake. Mstari ulikuwa mmoja tu, ule unaoonyesha kwamba kipimo ni kizima. Alikigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akamwomba mama kidole cha mtoto mara ya pili, akapaka damu kwenye kioo, akaiacha ikauke, akaitia rangi, akavuta kiti na kuinamia darubini.